Ufa Uliokunywa Simiti

Ua wangu ulikuwa wa kwanza kupigwa simiti katika kichochoro chetu cha Magogoni, na hilo nalisema kinywa wazi. Wenzangu walikuwa wakifagia mchanga asubuhi, jioni wakaufagia tena ule ule. Mimi nilikuwa na sakafu. Nyekundu, imepigwa niru, ule mpako laini wa juu, ikang'ara, ukiinama kuokota sindano wauona uso wako. Marehemu mume wangu aliimwaga na ndugu zake, na wanawake wa mtaa tukaisugua kwa makumbi ya nazi mpaka viganja vikatuwaka moto. Mgeni akiingia, kabla hajanipa salamu alikuwa akivua viatu. Sikumwambia avue. Alivua mwenyewe, kwa haya.

Sasa sakafu hiyo ilikuwa imezeeka kama mimi. Wekundu umekwenda, imebaki rangi ya samli iliyolala. Nyufa zimeitambaa kila upande, na mmoja ulikuwa mkubwa, wa kuingia kidole. Ulianzia kwenye mlango wa jikoni, ukapita kando ya shimo la choo, lile lililofunikwa na sakafu hiyo hiyo, ukaenda kuishia kwenye kiraka.

Kiraka hicho lazima nikieleze. Kwetu mtu akifa, huoshwa nyumbani, na chini ya kitanda cha kuoshea huchimbwa ufuo, yaani mfereji wa kupokea maji ya maiti yasitapakae yakakanyagwa na watu. Mume wangu alipofariki, ua wote ulikuwa simiti. Vijana wakaja na mtaimbo wakavunja pale ukutani, wakachimba ufuo, tukazungushia mashuka, akaoshwa. Tuliporudi kwenye hali zetu, mwanangu akaurudisha udongo mahali pake, akapiga simiti juu. Ndicho kiraka. Tangu siku hiyo hakuna mguu uliokikanyaga. Kuku nilikuwa nikimfukuza. Nikifua, maji ya mwisho, yale masafi, huyamwaga upande huo, nayo hunywewa pale pale bila kutuama. Nikawa najisifu kwa majirani: nyinyi mna madimbwi na mbu, ua wangu mimi haulazi maji.

Basi mjukuu wangu alikuwa anaolewa. Ni binti wa mwanangu, lakini amekulia kwenye mapaja yangu, na mimi nilikuwa nimeshasema zamani, mbele ya watu, kwamba ngoma yake ya wanawake itachezwa uani kwangu na si kwingine. Wanawake wa Magogoni wote, na wa Likoni upande wa mama zangu, watajaa humo ndani na turubai juu, wakanyage mpaka ardhi iseme. Nilitaka waje waone. Nilitaka wavue viatu.

Wiki chache kabla ya harusi, mwanangu akaingia na mtu mwenye nyundo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na huyo mwenye nyundo ni wa nini uani kwangu?"

"Ni fundi, mama. Mtu wa Kaloleni, namjua. Ataziba nyufa, apige niru mpya juu, rangi ile ile. Harusi ikifika imeshakauka."

"Hapo umesema neno. Karibu, baba. Kahawa ipo."

Kabla fundi hajapiga funda la kwanza, mkaza mwanangu akatokea jikoni na mwiko mkononi. Huyu ni mtu wa bara. Alikuja Changamwe kutafuta kazi ya kiwanda, akakutana na mwanangu, akasilimu, akaolewa. Ni mchapakazi, sikatai. Lakini ulimi wake ni pilipili kichaa, na mimi wangu si sukari, kwa hivyo nyumba yetu haikukosa moto.

"Mimi nasema ivunjwe," akasema.

"Ivunjwe nini?"

"Sakafu, Mama. Yote. Imwagwe mpya. Hii imekufa. Kuipaka niru ni kulipaka wanja jicho bovu."

Mwanangu akamwambia, "Harusi iko mlangoni, wewe wataka kuvunja? Watu tuwaweke wapi?"

"Afadhali wakose pa kukaa kuliko wapate pa kuanguka."

Nikaona huyu ananitukana mbele ya mgeni. Nikamuuliza, "Kwani wewe kwenu mlikuwa na sakafu gani?"

"Ya udongo, Mama. Na haikumeza mtu."

Fundi akainamia kikombe chake kama mtu anayesoma kitu ndani ya kahawa.

"Sasa hii imemmeza nani?" nikauliza.

"Bado. Kwa jirani yetu kule bara, choo kilimeza ng'ombe. Ng'ombe mzima, na kamba yake. Kifuniko kilikuwa kimepasuka hivi hivi, na mwenyewe kila mwaka anapaka simiti juu, anapaka simiti juu."

"Mimi namwozesha mjukuu. Siozeshi ng'ombe."

Mwanangu akacheka. Mkewe hakucheka. Alinitazama, akatazama ule ufa, akarudi jikoni, na sufuria zikaanza kugongana huko ndani kwa niaba yake.

Nikamgeukia fundi. "Wewe wasemaje?"

Alikuwa mtu mzima, mvi zimemwingia ndevuni, na alijua kukaa na watu. "Bi mkubwa, kupiga niru napiga. Kuvunja navunja. Yote ni kazi. Mimi nataka kumjua mwenye nyumba ni nani."

"Mwenye nyumba ni mimi."

"Basi?"

"Piga niru."

Nyumba ikapoa baada ya hapo, lakini ni ule upoaji wa chungu kilichofunikwa. Fundi alikuwa na kazi nyingine Bofu, akasema atakuja Jumamosi ya wiki ya pili. Mkaza mwanangu hakunisemesha ila shikamoo na chakula tayari. Lakini kila nilipoamka nilikuta amepanga mitungi ya maji juu ya ule ufa, kutoka jikoni mpaka ukutani, kama askari wamefunga njia. Mimi naisogeza. Akirudi kazini anairudisha. Nami naisogeza. Hakuna aliyesema neno juu ya mitungi. Watu wazima wawili, tunapigana kwa mitungi.

Bibi harusi wa watu akawa katikati. Siku moja alinikuta nikiburuta mtungi, akanipokea.

"Bibi, kwani tukicheza nje barabarani? Watu siku hizi wanafunga njia, wanaweka turubai."

"Wewe ni mali ya barabarani?"

"La, bibi. Lakini mama halali. Jana amenishika mkono kama mtoto mdogo, eti nipite kando kando ya ukuta."

"Mama yako anaogopa ng'ombe wa kwao."

"Na wewe, bibi, huogopi?"

Nilimwambia aende akatwange iliki. Swali la mtoto likabaki limesimama pale uani. Sikuwa naogopa kuanguka, wallahi. Nilichokuwa naogopa ni mtaimbo. Ile sakafu ilikuwa kazi ya mkono wa mume wangu. Ukipiga magoti karibu na karo, mpaka siku hizo ulikuwa ukiona alama ya vidole vyake, pale alipojishikiza simiti ikiwa mbichi. Na kule ukutani ndiko maji yake ya mwisho yalikoingia. Sasa waje watu na mitaimbo wapapige, wapapakie kwenye mkokoteni, wapamwage jalalani pamoja na maganda ya mihogo? Niru mpya ingelifunika tu. Kufunika si kutupa. Ndivyo nilivyoona, na sikumwambia mtu, kwa sababu maneno kama hayo yakitoka nje hupoteza nguvu.

Jumamosi ikafika. Fundi akaja mapema na mwenzake wa kuchanganya simiti. Mwanangu hakwenda kazini. Mkaza mwanangu naye alikuwepo, amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono kifuani. Bibi harusi alikuwa ndani, amefungiwa na singo lake la manukato mwilini, kwa sababu alikwisha kupakwa na hatakiwi juani.

Mimi nilichukua kigoda changu na ungo wa mchele, nikaenda kuketi katikati ya ua, karibu na ule ufa. Nilifanya makusudi. Nilitaka mtu fulani aone jinsi ninavyokaa.

"Bi mkubwa, nitakurushia vumbi," fundi akasema.

"Vumbi la kwangu halinidhuru."

Akachukua tindo na nyundo, akaupanua ufa, akautoa uchafu kwa brashi, akaunyunyizia maji. Mwenzake akakoroga simiti nyepesi kama uji kwenye karai. Fundi akaimimina taratibu. Uji ukaingia. Tukangoja ujae, uje juu. Haukuja.

"Ina kiu," mwanangu akasema, akacheka.

Karai la pili likamiminwa. Ukanywa. Fundi akasugua pua kwa mgongo wa mkono. "Ongeza nzito kidogo." Ikaja nzito. Akaimimina yote pale pale, mahali pamoja, karibu na shimo. Ikazunguka kidogo kama maji kwenye tundu la karo, ikashuka. Hapakubaki hata doa.

Hapo hakucheka mtu.

Fundi akalala kifudifudi, sikio kwenye ufa. "Nyamazeni," akasema. Hata kuku walinyamaza, au ndivyo ninavyokumbuka. Tukasikia tone, tone, mbali, chini huko. Kisha kitu kizito kikadondoka: chubwi!

Akainuka kwa magoti, hakusimama. Akaanza kurudi nyuma, goti baada ya goti, kama mtu aliyemkuta nyoka amelala. Alipofika kwenye kizingiti cha jikoni ndipo akasema, kwa sauti ya chini, "Tokeni wote. Polepole. Msikimbie."

Mwenzake akatoka. Mwanangu akatoka. Nikabaki mimi na ungo.

"Bi mkubwa, wewe usisimame."

"Nisimame kwa nini? Nimekaa kwangu."

Hapo chini yangu kukalia ta! kama ukuni mkavu ukivunjwa gotini. Sikusikia maumivu wala sikuona kitu kikivunjika. Nilichoona ni mchele. Nilikuwa nimeutandaza sawasawa kwenye ungo, mchele huku, pumba na mawe kule. Ukaanza kwenda wenyewe. Punje moja, punje mbili, kisha wote ukateremka taratibu upande wa kushoto, kama watu wanaohama. Ungo sikuuinamisha mimi. Aliyeinama ni mimi mwenyewe, na kigoda, na sakafu.

Nikajaribu kusema shahada, nikaona ulimi umenata.

Mwanangu akaruka mbele. "Mama!" Fundi akamdaka shati, likapasuka. "Wewe mzito! Wataka kumuua?"

"Niache! Mama yangu yule!"

"Ndiyo, ni mama yako, na ukikanyaga pale mnakwenda wote!"

Walikuwa wakivutana hivyo nilipomwona mkaza mwanangu. Palikuwa na mlango mkuukuu tuliouegemeza kwenye ukuta wa jikoni kukinga kuni mvua. Ameuvuta, kuni zimemwagika, ameulaza juu ya sakafu na kuusukuma kuja kwangu kama mtu anayeingiza mkate tanuruni. Kisha akafunga leso kiunoni, akalala juu yake kwa tumbo, akaja akitambaa.

Nilikuwa sijawahi kumwona mwanamke huyu karibu hivyo. Jasho lilikuwa likimdondoka puani.

"Mama, nipe mkono."

"Huu mchele..."

"Achana na mchele!"

Hajawahi kunipandishia sauti miaka yote aliyokaa nyumbani kwangu. Akaona nimeshtuka, akashusha pumzi, akasema kwa upole kabisa, "Mama, sahau mchele. Nipe mkono, uje juu ya mbao kwa magoti. Halafu ukifika huku unitukane vizuri, nitakusikiza."

Nikaweka ungo chini. Nikampa mkono. Wake ulikuwa umekauka na mgumu, mkono wa kiwanda. Nikateremka kutoka kwenye kigoda kama mtoto anayeteremka kitandani, goti moja kwenye mbao, goti la pili. Akarudi nyuma akinivuta, macho yake hayakutoka kwenye macho yangu, na midomo yake ilikuwa ikienda, sijui ni dua ya kwetu au ya kwao. Mwanangu na fundi wakaushika mlango kwa upande wa jikoni wakauvuta na sisi juu yake. Tukaanguka mlangoni pa jikoni, mimi juu yake.

Nyuma yetu sakafu ikafunguka. Haikupiga kelele kubwa. Kipande cha ukubwa wa ungo kikaenda, kisha kingine, na kigoda changu kikaenda nacho, na mchele wote, na ungo wenyewe. Harufu ikapanda. Tukakaa pale chini, sote wanne, tunatazama tundu jeusi katikati ya ua wangu wa niru.

Bibi harusi akapiga kelele ndani, "Kuna nini? Nani ameanguka?"

Nilikuwa nimeiona ngoma kichwani mwangu. Nimewaona wanawake wote wa Magogoni na wa Likoni wamejaa humo, wanakanyaga kwa pamoja kama wanavyokanyaga, na mjukuu wangu amewekwa katikati na singo lake, pale pale palipokuwa kigoda.

"Vunjeni," nikasema.

Mwanangu akanitazama. "Mama, tungoje kwanza tupoe, tufikiri. Labda tukiziba hapa tu..."

"Nimesema vunja! Wewe una masikio au una vikombe?"

Mkaza mwanangu hakusema, "Nilikwambia." Mimi ningelisema. Ningelisema leo na kesho na siku ya Idi. Yeye aliinuka akaenda kumwangalia mtoto.

Siku iliyofuata nilivaa buibui langu zuri nikaenda kwa jirani wa mkono wa kulia. Huyu tumetaniana na kugombana tangu tuna meno yote. Nimemsimanga kwa dimbwi lake la uani mvua ngapi, sijui.

"Hodi."

"Karibu! Eh! Mwenye niru! Leo umekosea njia?"

"Nimekuja kuomba."

"Waomba nini? Chumvi?"

"Naomba ua."

Akageuka akautazama ua wake. Kisha akasema, "Huu wenye mbu?"

"Huo huo."

"Wenye dimbwi?"

"Wataka nipige magoti, sema, nimeshazoea. Jana nimetambaa."

Akaangua kicheko mpaka akashika ukuta, na machozi yakamtoka, kisha sikujua tena kama ni ya kicheko. Akanishika mabega. "Mjukuu wako ni wangu. Leteni turubai."

Huko kwangu kazi ilianza. Gari la kunyonya choo lilikuja likafanya lake, kisha mitaimbo. Sikukaa ndani. Nilisimama mlangoni nikaisikiliza yote, kila pigo. Kipande chenye alama za vidole nilikitoa mwenyewe kabla hawajakifikia, nikakiingiza chumbani. Vingine vikaenda na mkokoteni. Nilifikiri nitalia, nikaona sina hamu.

Walipofika ukutani, fundi akaniita. Mwanangu akaja pia.

"Bi mkubwa, tazama. Mchanga wa ukingo wa shimo haukuliwa na choo. Umeliwa kutoka huku." Akaonyesha kwa mwiko, kutoka kwenye kiraka mpaka kwenye shimo, njia ya maji iliyochimbika chini kwa chini, mtu angeweza kupitisha mkono. "Hapa palichimbwa, pakafukiwa. Lakini udongo haukushindiliwa. Umekaa tu, laini kama unga. Maji yakimwagika juu yanapita, yanachukua mchanga, yanaupeleka shimoni. Kila siku kidogo. Aliyefukia hapa ni nani?"

Mwanangu alikuwa amekunja shati, uso umemshuka. "Mimi."

"Mbona hukushindilia?"

"Ni ufuo wa baba," akasema. "Ningeukanyaga vipi? Niliurudisha udongo kwa mikono."

Fundi akaondoa mguu wake haraka, akarudi nyuma. "Astaghfirullahi. Hukuniambia." Akaweka mwiko chini. Naye ni mtu wa Kaloleni, kwao wana mambo yao ya wafu.

Nami nikafikiri maji yangu masafi niliyokuwa nikiyamwaga pale baada ya kufua, na majivuno yangu kwamba ua wangu haulazi maji. Hatukukosea kwa uvivu, tulikosea kwa adabu.

Wakajenga ukuta mpya wa shimo kwa mawe, wakaupanga jiwe kwa jiwe mpaka kwenye ardhi ngumu. Wakajaza mahali pote kokoto na udongo, tabaka kwa tabaka, wakashindilia kwa gogo, du, du, du, nyumba nzima ikitetema. Walipofika kwenye ufuo wakasimama. Walijaza udongo, wakausawazisha, wakatazamana.

"Haya," nikasema.

Fundi akanawa mikono ambayo haikuwa na haja ya kunawa. "Bi mkubwa, hapo mimi siwezi kupiga gogo. Nitakuwa nampiga mwenyewe. Tuache simiti nzito juu, inshallah itashika."

"Itashika kama ilivyoshika ya kwanza?"

Nikamtazama mwanangu. Mtu mzima, ana mtoto wa kuozwa, lakini alikuwa ameshika ukuta kama siku ile ya mazishi. "Mama, usiniambie mimi," akasema.

Nikavua ndara.

Nililala na mume huyu kitanda kimoja tangu ujana. Nimemkanda mgongo, nimemkanyaga mgongo wenyewe kwa miguu yangu aliporudi bandarini amebeba magunia kutwa, naye akisema zaidi, hapo, zaidi. Miguu yangu haikuwa mgeni kwake. Nikasema bismillahi, nikaingia.

Udongo ulikuwa baridi, ukanimeza mpaka vifundoni. Nikakanyaga. Nikainua mguu, nikakanyaga tena. Uzee si mchezo, magoti yakaanza kuniuma upesi, nikayumba. Mkono ukanishika kiwiko. Mkaza mwanangu alikuwa amevua viatu vyake vya kazi ukingoni, yuko nje ya ufuo, ananitazama.

"Mama, mimi naruhusiwa?"

"Wewe si mwanawe?"

Akaingia. Tukashikana mikono miwili, uso kwa uso, tukakanyaga mimi kushoto yeye kulia, tukizunguka taratibu ili tusiache kona. Fundi aliongeza udongo kwa karai, ameinamisha kichwa, nasi tukakanyaga tabaka hilo nalo, mpaka nyayo zikaacha kuzama, mpaka tukipiga kisigino udongo unajibu kwa sauti fupi, ngumu. Mwanangu alikwenda bombani akarudi na ndoo ya maji ya kutunawisha miguu. Alipiga magoti akatunawisha yeye, mimi kwanza kisha mkewe, na mkewe akaona haya akawa anavuta mguu, naye haachi.

Vyuma vikalazwa, simiti ikamwagwa siku hiyo hiyo, kipande kimoja, kutoka mlango wa jikoni mpaka ukutani, haina kiraka. Fundi akatuonya: ni mbichi, asipande mtu, na inyweshwe maji asubuhi na jioni, kwa jua la hapa ikikauka kwa haraka itapasuka.

Basi ngoma ya mjukuu wangu ilipigwa kwa jirani. Ilianza alasiri. Nilisikia vigelegele, kisha ile miguu, wanawake wote wanakanyaga kwa pamoja, na kila waliposhuka moyo wangu ulishuka nao kwanza, kisha ukapanda. Mkaza mwanangu akachungulia ukutani, anameremeta, hina mpaka viwikoni.

"Mama! Mtoto anakuuliza! Wanakungoja wewe uingie katikati!"

"Naja. Waambie wacheze."

Nilikuwa na mpira wa maji mkononi, nainywesha simiti. Niliimaliza kona ya ukutani, nikafunga bomba, nikatafuta ndara zangu, nikapita kando kando nje ya sakafu, nikaenda kucheza.